Ukurasa wa Uyoga

Mama yangu alikuwa mtu wa kweli, kiasi cha kukera. Alimwambia mchungaji mbele ya waumini kwamba mahubiri yake yana mwanzo na katikati lakini hayana mwisho. Siku niliyorudi nyumbani na diploma yangu ya sekondari, nikitarajia vigelegele, alinitazama juu mpaka chini akasema nimenenepa. Lakini kuna jambo moja alilolisemea uongo bila kupepesa jicho, na wanawake wote wa kijiji chetu walikuwa hivyo hivyo. Jambo hilo ni uyoga.

Kijiji chetu kiko nyuma ya mgodi wa Mutoshi, mwendo mrefu wa taxi-moto, pikipiki ya abiria, kutoka mjini Kolwezi. Babu zetu walikuwa pale kabla ya shimo lolote kuchimbwa. Mvua za kwanza zikishanyesha, uyoga huota porini kwa siku chache, halafu hupotea. Kuna mdogo wa njano unaoota chini ya miti, na kuna mkubwa wa kichuguu, ambao mmoja tu unaweza kufunika kichwa cha mtoto. Kwetu uyoga tunauita bowa. Uyoga ndio uliotusomesha; hilo nalisema bila aibu mbele ya yeyote anayedhani Kolwezi watu wanakula shaba.

Basi, mahali panapoota uyoga ni siri ya mwanamke. Ukikutana njiani na mama mwenye kikapu kilichofunikwa majani, ruksa kumwuliza habari za watoto, za mume, hata za meno. Ukimwuliza ametoka wapi, atakuelekeza kwa kidevu upande ambao hakutoka, na kusema, "Kule tu." Na wewe unajua ni uongo, na yeye anajua kwamba unajua, na mnaagana vizuri.

Siri hiyo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, kidogo kidogo. Mahali pa kwanza nilionyeshwa nilipoweza kubeba kikapu kichwani bila kukishika. Pa pili, nilipovunja ungo. Pa tatu, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Kila mara, tukifika, mama alinigeuza nitazame tulikotoka na kuniambia, "Sema njia." Nilitaja kila jiwe na kila mti, nikikosea tulianza upya. Pa mwisho, pale alipoachiwa na mama yake mzazi, mtu huonyeshwa siku miguu ya mama yake inapokataa. Miguu ya mama ilikuwa bado na ubishi, kwa hiyo sikuuliza.

Kampuni ya mgodi ilipotaka kupanua shimo lake, ilitangaza kwamba wenyeji watapewa kazi kwanza. Wenyeji tukangoja. Madereva walikuja kutoka mbali, wapishi walikuja kutoka mbali, mpaka mtu wa kufagia ofisi alikuja na sanduku lake kutoka mbali. Vijana wetu waliendelea kuchimba kwa mikono pamoja na vijana wenzao kutoka kila pembe ya Kongo, na wamama waliendelea kulima. Mimi nilipata kazi kwa sababu wapimaji walioajiriwa na kampuni walihitaji mtu wa kuongea na wanawake na kuandika. Nilipewa kofia, kalamu na gile, kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa. Mama aliniita mama gile mwezi mzima.

Kazi yetu ilikuwa kitabu. Udongo utakaotolewa shimoni ulipaswa kumwagwa mahali, na ramani ilionyesha lundo lake litakaa kwenye pori letu, kati ya kijiji na kijito. Kwa hiyo kila mali ya watu iliyoko huko ilipaswa kuandikwa kabla kitabu hakijafungwa. Kilichoandikwa kitalipiwa fidia au kitaepukwa. Kisichoandikwa, mbele ya sheria, hakikuwahi kuwapo.

Tuliandika maembe, parachichi, mihogo na makaburi. Mihogo ambayo mama aliilima kwa mgongo wake iliandikwa kwa jina la kaka yangu anayeishi Likasi na ambaye hajui hata majira ya kupanda, kwa kuwa fomu ilitaka mwanamume wa nyumba. Nilibisha, nikaambiwa fomu ndivyo ilivyo. Lakini mwishoni kulikuwa na ukurasa mmoja wa mambo ya porini: asali, dawa, viwavi, uyoga. Huo haukuuliza mwanamume wa nyumba. Uliuliza tu nani anachuma na wapi. Niliusoma mara mbili. Nikasema, huu ni wa mama.

Mkuu wa wapimaji alikuwa kijana wa Lubumbashi mwenye viatu vizuri mno kwa vumbi letu. Hakuwa mtu mbaya. Alikusanya wanawake mbele ya kanisa, akawasalimu kwa heshima, akauliza, "Bamama, mu pori munachumaka nini? Na munachumiaka wapi?"

Wanawake zaidi ya thelathini, na kila mmoja aligundua jambo la muhimu kwenye kucha zake. Mbele ya majirani zako wote, mtu anakutaka utaje mahali pako! Afadhali angewaomba wavue nguo.

Mama ndiye aliyesimama. "Shiye? Mu pori? Shiye hatuchumake kitu. Bowa tunanunuaka ku soko ya Manika, kule mu muji."

"Njo vile," akadakia shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Yeye na mama hawakuwahi kukubaliana jambo lolote tangu harusi ya mama, lakini siku hiyo walikubaliana. "Ku Manika. Iko bei, lakini tufanye je?"

Wengine wote wakaitikia. Mkuu akanigeukia niandike. Nilikuwa na kalamu mkononi na mahali patatu kichwani, na nilionyeshwa patatu hapo kwa kuaminiwa. Nikaandika: hakuna. Wanawake wakapita mmoja mmoja, wakaweka dole gumba chini ya neno hilo.

Nyumbani nilimkuta mama akisonga bukari, ugali wetu, ametulia kabisa. Nilimpigia kelele. Najua mtu hampigii mama yake kelele, lakini nilimpigia.

"Mama, ile pori batamwanga bulongo juu yake! Ukikosa mu kitabu, umekosa!"

"Na nikiingia mu kitabu?" alisema, mwiko haujasimama. "Kitabu kinasomwaka. Kesho bakrezeri, bale bachimbaji bote ba Musonoi, banatuma bibi yabo na bitunga ku kichwa. Banamaliza yote mu siku moja."

"Kesho hakutakuwa pori ya kumaliza!"

"Banasemaka tu. Tangu niko mutoto banasema batachimba, batajenga, batafanya. Kula bukari, mama gile."

Nilikula. Hasira yangu haikuwa juu ya mama peke yake. Watu wengine wakiulizwa wana nini, huongeza. Kuna waliopanda miche usiku ili asubuhi ihesabiwe. Sisi tu ndio tulioulizwa tukakana kile kile kilichotulea.

Aliyeharibu uongo wetu hakukusudia. Alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, mzee mwenye asili ya Kasongo, aliyekaa Manika miaka mingi na kuja kijijini kila msimu na pikapu yake. Alifika kwa mkuu kuandikisha kibanda chake cha kuhifadhia mizigo. Mkuu, kwa mazungumzo tu, akamwambia anawahurumia wamama wa hapa wanaosafiri mpaka Manika kununua uyoga. Mzee alicheka mpaka kofia yake ikataka kuanguka.

"Banunue bowa ku Manika? Nani anabauzisha? Mi njo nabebaka bowa yabo naipeleka Manika! Pikapu yangu inanuka bowa mupaka kiangazi." Kisha aliona uso wangu, akaelewa, akaacha kucheka. "Mwanangu," aliniambia kwa upole, "mficha uchi hazai."

Mkuu alinitazama. Nilitazama viatu vyake. Nilijua kwamba kazi yangu imekwisha, na kwa kweli nilistahili.

Lakini hakunifukuza. "Ile karatasi iko na bidole yabo," alisema. "Beye benyewe njo banaweza kuibadirisha. Si mi, si weye. Jumatatu tunafunga kitabu."

Ilikuwa Ijumaa. Nilimpelekea mama maneno yote, pamoja na methali ya mzee. Alimtukana mzee na pikapu yake. Jumamosi asubuhi alitoka na kikapu, ingawa msimu wa mvua ulikuwa haujaanza na porini hakuna cha kuchuma. Alirudi jua likiwa utosini, kikapu kitupu, akakaa kizingitini bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Nimeona bile bitambaa byenu byekundu bya kuonyesha fasi ya lundo," alisema. "Balifunga kimoja ku kichuguu ya kwanza. Pale ulisimamaka na katunga kako, unalia juu ya siafu."

Nilikaa karibu naye. Nikamfungua kitambaa mwenyewe.

Jumapili, ibada ilipokwisha, mama alimwomba mchungaji nafasi. "Nitasema kidogo," alimwambia, "nikuonyeshe namna banamalizaka." Watu wakacheka. Kisha akawageukia wanawake, akakaza kitenge chake.

"Mi nilidanganya," alisema. "Nilisimama hapa mbele ya kanisa nikasema buongo, na mulitia bidole juu ya buongo yangu. Kesho asubui naonyesha yule kijana fasi yangu. Mutu akitaka kunifuata na macho, anifuate. Akitaka kuniiba, aniibe. Lakini bulongo ikimwangwa, hakuna hata mwizi atapata kitu."

Mama hakuwahi kuomba radhi hadharani maishani mwake, na watu hawakujua waweke wapi macho.

Jumatatu asubuhi nilidhani tutakuwa watatu, mama, mkuu na mimi. Tukakuta wanawake wamejipanga kando ya njia, kila mmoja akisimama mbali kidogo na mwenzake kama watu wanaosubiri zahanatini na hawataki ugonjwa wao ujulikane. Tukaingia porini. Mama alitangulia, hatua za haraka, mpaka kwenye kichuguu cha kwanza. Akakipiga kwa kiganja.

"Hii njo yangu. Ya kwanza."

"Yako?" Ilikuwa sauti ya shangazi. "Yako namna gani? Hii iko yangu! Mama yangu alinionyesha hii!"

"Unachumiaka saa ngapi?"

"Mangaribi, wakati munapika."

"Mi nachumiaka asubui mapema." Mama aliweka mikono kiunoni. "Basi ile miaka yote nakuta imekatwa, nasema ni ngedere..."

"Ngedere ni mi," alisema shangazi. "Na ile yangu nilikuwa nakosaka, nilisema ni ngedere pia."

Walitazamana. Halafu mama, ambaye sikuwahi kumwona akicheka na shangazi, alicheka mpaka akashikilia kichuguu. Mwanamke mwingine nyuma akasema kwa aibu kwamba hapo ni pake pia, saa sita mchana. Shangazi alikaa chini kabisa, machozi yakimtoka. Miaka mingapi wanawake hawa walipishana kwenye kichuguu kimoja, kila mmoja akilinda siri yake dhidi ya ngedere!

Tulizunguka mpaka jioni. Niliandika mpaka vidole vikauma. Mahali pa pili, pa tatu, pa wengine wote, na kila mahali jina la mwanamke, na mara nyingi majina matano. Mwishoni nilimwuliza mama, kama nilivyowauliza wote, "Imebaki fasi ingine?" Alikuwa anachomoa mwiba kwenye kisigino. "Imeisha," alisema. Nikajua pamebaki pake pa mwisho, nikajua pia kwamba si pa kuulizwa na mtu mwenye gile. Palikuwa siri yake. Kama pangekuwa kwenye hatari, nilidhani, angesema.

Baada ya wiki kadhaa mkuu alirudi na ramani mpya, akaibandika ukutani kanisani. Pori kati ya kijiji na kijito lilikuwa limejaa nukta za kijani, hizo zilikuwa ni sisi. Nilijivuna kuzitazama. Alieleza kwamba kampuni imekubali kusogeza lundo, litakaa ng'ambo ya kijito. Huko, kwa mujibu wa kitabu chetu, palikuwa peupe. Lakini sheria ilimtaka aulize kwanza. Akaweka kidole kwenye sehemu nyeupe.

"Bamama, upande huu kuko kitu?"

Wanawake walitazamana, wakatikisa vichwa. Mama alikaa mbele. "Kama kungekuwa kitu," aliuliza, "mungemwanga wapi?"

"Hatuna fasi ingine, mama. Tungerudia ile plani ya kwanza."

Mama aliitazama ramani. Alimtazama shangazi, aliyekuwa amembeba mjukuu mgongoni na kumtikisatikisa asilie. Alinitazama mimi na kalamu yangu.

"Hakuna kitu," alisema. "Mwangeni."

Nikaandika: hakuna. Niliandika kwa furaha, nakumbuka, na kwa mwandiko mzuri.

Lundo lilipanda ng'ambo ya kijito. Malori yalimwaga kutwa, na vumbi jekundu lilikaa juu ya nguo zilizoanikwa. Lakini pori letu lilibaki. Na kwa kuwa majina ya wanawake sasa yalikuwa kwenye kitabu cha kampuni, mkuu wa wapimaji aliandika barua, na chama cha wamama wa kijiji kikapewa kazi ya kupeleka mboga na uyoga kwenye jiko la wafanyakazi mgodini. Siku ya kwanza walinzi walimvisha mama gile ya rangi ya chungwa getini. Nililipiza kisasi changu kikamilifu. Mpishi aliyetoka mbali alikuwa akichemsha uyoga mpaka unakuwa kamasi, na mama alimwambia hivyo, na sasa anaupika vizuri. Si ukombozi wa dunia. Ni jiko moja, lakini tunaliingia kwa mlango wa mbele.

Mvua ziliporudi, mama alianza kushikilia ukuta akiinuka. Asubuhi moja aliniambia nichukue kikapu, naye akachukua chake. Tulipita kichuguu cha kwanza bila kusimama, ingawa kilikuwa kimejaa. Tukashuka kijitoni, tukavuka kwenye mawe, mimi nikimshika mkono. Ng'ambo tulisimama chini ya lundo, na maji mekundu yakitiririka kuja miguuni petu.

"Tunatafuta nini huku, mama?"

"Miguu imekataa," alisema.

Nilimwelewa polepole, na sikutaka kuelewa. Nilitazama juu ya ule mlima wa udongo, na ilinijia sauti ya mkuu akiuliza, na mkono wangu ukiandika kwa mwandiko mzuri.

"Ya mwisho ilikuwa hapa?"

"Chini kabisa. Katikati."

"Na ulisema hakuna kitu! Mama, nilikuwa pale! Juu ya nini hukusema?"

"Ningesema, bangemwanga kule. Kule kuko ya shangazi yako, ya batoto yake, ya batu bote. Hapa ilikuwa ya mama yangu na mi."

"Na yangu," nilisema.

"Na yako," alikubali. "Nilitoa ya kwako bila kukuuliza. Unisamehe."

Nililia. Nilimkasirikia yeye, na kalamu, na kampuni, na yule kijana mwema mwenye viatu vyake, na zaidi ya wote nilijikasirikia mimi niliyekuwa nimefurahi. Mama aliniacha nimalize. Kisha alinishika mabega, akanigeuza nitazame kijito tulikotoka.

"Unavuka ku jiwe ya kufulia," alisema. "Unaacha muti wenye kupasuka ku mukono wa kushoto. Unapanda mupaka maji haisikiki tena. Pale kuko bichuguu mbili, kamoja kadogo, kamoja kakubwa. Ya kadogo njo inazaa. Sema njia."

"Mama, hakuna njia tena."

"Sema njia."

Nikaisema. Jiwe la kufulia, mti uliopasuka, mahali maji yasiposikika. Nilikosea vichuguu, tukaanza upya. Mara ya tatu niliisema yote, na mama akaitikia kwa kichwa, akafunga kitambaa chake vizuri.

Tukirudi tulikutana na shangazi njiani, na kikapu chake kimefunikwa majani, mvua ikimchuruzika usoni. Siku hizi wanawake wanataniana tu juu ya mahali. Hakuna siri tena.

"Mumetoka wapi?" aliuliza.

"Kule tu," tulisema, mama na mimi, kwa sauti moja.

Shangazi alifungua mdomo kucheka. Kisha aliona udongo mwekundu kwenye miguu yetu, na vikapu vyetu vitupu katikati ya msimu. Alitazama ng'ambo ya kijito, akamtazama mama kwa muda mrefu. Alifunua majani ya kikapu chake na kuanza kutugawia.